Tulishuka Bila Kuruka

Pacha wangu Nyambura,

Sina namba yako tena. Ile ya zamani nikiipiga, mwanamume mwenye sauti ya usingizi hunijibu na kuniambia nimekosea. Ndiyo maana nakuandikia hapa, mahali ambapo hata watu wasiotujua watasoma, nikitumaini mmoja wao yuko karibu nawe huko Nyahururu kwa shangazi yako. Najua ulisema hutaki kulisikia neno trampolini. Nitalitumia, nivumilie. Mwaka huu kuna jambo lililonipata ambalo ni lako kama lilivyo langu, na nimeshindwa kulibeba peke yangu.

Unakumbuka siku tuliyopewa jina hilo la pacha? Hatukuwa tumefanana hata kidogo. Mimi nilikuwa mrefu, mweusi, mtoto wa Uthiru mwenye magoti yaliyochubuka. Wewe ulikuwa mfupi, mweupe, mwenye miguu imara, ukitoka Loresho na mfuko wako wa michezo uliokuwa mkubwa kuliko wewe. Kocha Auma alikuwa ametupanga sote wawili wawili katika ule ukumbi wa zamani wa Woodley, pale Nairobi, wenye paa refu, akatupandisha kwenye trampolini mbili zilizowekwa sambamba. Kisha akatugeuzia mgongo. Alitaka kusikia tu. Wengine waliporuka ulisikia mlio juu ya mlio, kama watu wanaobisha mlango kwa zamu. Tuliporuka sisi, kocha aligeuka kwa haraka akidhani mmoja wetu ameacha.

"Hawa wanatua kama mtu mmoja," alisema. "Hawa ni mapacha."

Tangu siku hiyo sikukuita Nyambura ila mbele ya mama yako.

Mama yako na gari lake dogo la buluu! Alikuwa akinichukua pale Uthiru kando ya Waiyaki Way kila Jumamosi, chupa ya chai imebanwa kati ya viti na nduma za kuchemsha zimefungwa kwa kitambaa. Hata salamu haikutangulia. "Mwende, umekula? Mtu haruki na tumbo tupu." Nikisema nimekula, ananipa nduma hata hivyo. Sisi wawili kule nyuma tulikuwa tukirudia mfululizo wetu kwa viganja, kiganja kikipinduka mara mbili, kikijizungusha, kikitua kwenye goti. Mtu aliyetuangalia kutoka gari la pembeni lazima alidhani tunaimba nyimbo za ishara za Sunday school.

Watu wengi hawakuelewa tunafanya nini. Wakisikia trampolini wanafikiria zile za watoto kwenye bustani siku ya Krismasi. Wakija ukumbini na kutuona tumepanda juu kuliko nyumba ya ghorofa, tukapiga kichwangomba cha kurudi nyuma mara mbili na kujizungusha humo humo, walikuwa wananyamaza. Mitindo kumi mfululizo bila kupumzika, na miguu yetu minne igonge wavu kwa wakati mmoja. Kule mashindanoni kuna mashine chini ya wavu inayosikia tofauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia. Wewe ulikuwa unaisema vibaya hiyo mashine kama jirani mmbeya.

Mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu. "Moja, mbili, hapo!" na pale kwenye "hapo" tunaondoka. Niliwahi kukuuliza kwa nini wewe huhesabu hata siku moja.

"Wewe sema tu," ulinijibu. "Mimi nitafuata."

Nililichukua kama sifa.

Asubuhi tuliyoanguka, nasema tuliyoanguka kwa sababu sijui kusema vingine, hakukuwa na dalili. Mvua ilikuwa imenyesha na ukumbi ulinuka vumbi lililolowa. Safari ya mashindano ya Afrika ilikuwa karibu, nguo zetu zenye rangi za bendera zilikuwa zimeletwa, na wewe ulikuwa umelalamika kwamba yako inakubana kwapani. Tulipanda. Nilihesabu. Tukaondoka vizuri, pa, pa, pa, mlio mmoja kila tunapotua, na ile raha ilikuwa imeanza kunipanda kifuani, raha ya kujua uko pale bila kukutazama.

Kisha ukaja ule mtindo mgumu, wa kurudi nyuma na kujizungusha. Nilipokuwa juu kabisa nilimsikia Kocha Auma akipiga kelele. Hakutaja jina, alipiga kelele tu. Niliposhuka, nikasikia mlio wa wavu wangu peke yake.

Kuna kitu ambacho sijawahi kumweleza mtu yeyote akanielewa. Kwenye trampolini huwezi kusimama papo hapo. Wavu unakurusha tena, upende usipende. Niliruka tena, na tena, nikikunja magoti kuua ile nguvu, na kila nilipopanda nilikuona: umelala sakafuni kando ya fremu, mkono mmoja chini ya mgongo, kichwa kimegeukia upande ambao kichwa hakigeukii. Nikishuka sikuoni. Nikipanda nakuona. Sijui ilichukua muda gani. Ninachojua ni kwamba mpaka leo, nikifumba macho ghafla, bado naenda juu na chini, na wewe uko pale chini.

Madaktari walisema mfupa wa shingo umepasuka na kwamba uti wa mgongo umeponea chupuchupu. Mama yako alipiga magoti pale pale kwenye korido akashukuru Mungu. Mama yangu alipiga magoti kando yake, mmoja akiomba kwa Kikuyu na mwingine kwa Kikamba. Mimi nilisimama nikiwa nimevaa bado viatu vyangu vyeupe vya kurukia.

Uliponiita peke yangu ulikuwa umeshafanyiwa upasuaji, shingo imefungwa, macho yameelekea dari. Ninayarudia maneno yetu jinsi yalivyokuwa.

"Mwende, funga mlango."

"Unaumwa? Niite sista?"

"Zii, usimwite. Kaa chini. Sikuwa naona wavu."

"Siku hiyo?"

"Si siku hiyo tu. Kitambo. Nikifika juu sioni kitu, ni kama mtu amenimwagia maji machoni. Sijui chini ni wapi. Nilikuwa nafuata sauti yako na ule mlio, basi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema aje, Pacha? Tungeachwa Nairobi sisi wote wawili."

Nilishika chuma cha kitanda chako. Kilikuwa baridi. Ulifumba macho ukalala, au ukajifanya umelala.

Ulipotoka hospitalini hukukaa sana Loresho, ulipelekwa Nyahururu kwa shangazi yako. Mama yako alikuja kwetu Uthiru akiwa peke yake, akakataa chai, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alinishika mabega. "Mwende, mwanangu, usimtafute kwanza. Akikuona wewe anaona pia ile kitu." Nilisema sawa. Niliona gari la buluu likiondoka, kiti cha nyuma kitupu, na nikarudi ndani kumsaidia mama kuchambua mchele.

Pacha, hofu yako ilihamia kwangu siku hiyo. Sijui namna nyingine ya kuieleza. Unajua lile daraja la watu kuvuka Waiyaki Way, tulilokuwa tukilipanda mbio tukishindana? Siku moja nilifika katikati yake nikashindwa kwenda mbele wala kurudi. Magari yalikuwa yanapita chini na mimi nikahisi daraja limeanza kudunda. Nilishika chuma kwa mikono miwili. Mama mmoja aliyebeba sukuma wiki aliniuliza kama nina mimba. Alinishika mkono mpaka ng'ambo.

Nilipomaliza chuo niliitwa mahojiano ya kazi mjini, jengo refu lenye lifti. Lifti ilipoanza kushuka, ile sekunde tumbo linabaki juu, nililia mbele ya watu waliovaa suti. Kazi sikuipata. Sasa niko mapokezi kwenye kliniki ya meno karibu na Moi Avenue, na napanda ngazi kila asubuhi. Daktari ninayemfanyia kazi anadhani ni mazoezi.

Nilikuwa nimeapa sitakanyaga Woodley tena. Mama yangu, unavyomjua, mtu wa ofisi ya serikali na kwaya ya akina mama, alifurahi kimyakimya. "Mungu alikupa miguu ya kutembea, Mwende. Hiyo inatosha." Lakini Jumapili moja baada ya ibada Kocha Auma alibisha mlango akiwa na mkate na maziwa. Alikuwa amekonda. Alikunywa chai mpaka ikaisha ndipo akasema lililomleta.

"Sikuja kukuomba uruke. Nakuomba uje usimame pembeni. Nina mtoto anaitwa Ivy, ana kipaji, na mimi macho yangu siku hizi yanaona vitu viwili. Naogopa kumwangalia peke yangu."

Mama yangu alitaka kujibu. Nilimtangulia, nikasikia mdomo wangu ukisema nitakuja. Labda ni kwa sababu yeye pia alikuwa amesema anaogopa. Watu wazima wa mchezo wetu hawasemi hivyo.

Ivy ungempenda na angekuudhi. Ni msichana wa pale pale Woodley, amemaliza kidato cha nne juzi, anaongea tangu anavua viatu mpaka anapovivaa tena. Nilikuwa nasimama kwenye fremu na godoro dogo mikononi, lile la kusukumwa chini ya mtu anayeanguka vibaya, na kila aliporuka nilikuwa tayari kulisukuma. Mara kadhaa nililisukuma wakati hajafanya kosa lolote akatua juu yake akapepesuka.

"Mwende, manze! Nilikuwa sawa!"

"Pole."

"Wewe ndio utaniangusha sasa."

Ni yeye aliyenipandisha. Alisema amechoka kurukia karibu na mtu anayetetemeka. Afadhali nipande, nione kama nitakufa. Kocha Auma aligeuza uso ili nisimwone. Nilipanda kwa magoti kama mtoto, nikasimama kwenye ule msalaba mwekundu katikati ya wavu, na kwa siku nyingi hilo ndilo nililolifanya: kusimama, halafu kudundadunda kidogo nikishika mkono wa kocha. Nilipopiga kichwangomba cha kwanza, kidogo cha mtoto wa shule, nilitapika kwenye ndoo ya deki. Ivy alipiga makofi.

Usidhani niliponywa. Sikuponywa. Niliendelea kuogopa kila siku, niliogopa nikiwa kazini nikiandika majina ya wagonjwa, niliogopa kanisani, lakini nikajifunza kuruka na hofu ikiwa ndani, jinsi mtu anavyotembea na jiwe ndani ya kiatu. Na polepole mlio wangu na wa Ivy ukaanza kukaribiana. Haukuwa kama wetu. Yeye anawahi kidogo, daima anawahi. Lakini ulitosha.

Sharti nililompa lilikuwa moja tu. Kabla sijahesabu, namuuliza, "Unaona?" na anijibu. Asiponijibu hatuendi. Mwanzoni alicheka.

"Sasa nisipoona nitakuambia nini?"

"Utaniambia huoni."

"Halafu?"

"Halafu tutashuka."

Akainua mabega. Hakujua nilikuwa namnukuu nani. Nilikuwa nanukuu maneno ambayo wewe hukupata nafasi ya kuyasema, na nilikuwa naogopa kwamba siku moja atayasema kweli.

Tulichaguliwa. Mashindano ya Afrika yalikuwa Misri. Mama yangu alinisindikiza mpaka uwanja wa ndege bila kusema neno hata moja la kunizuia, na hilo liliniogopesha zaidi kuliko kama angelia. Ukumbi wa kule, Pacha! Paa lake hulifikii kwa macho. Trampolini zilikuwa mpya, kali, zinakurusha kabla hujaomba. Wasichana kutoka Afrika Kusini na Algeria walikuwa wakizungumza na makocha wao kwa sauti ya chini, nywele zimebanwa, nyuso hazina kitu. Nilitafuta hofu kwenye nyuso zao sikuiona. Nilidhani nimeiingiza mimi peke yangu humo ndani.

Mzunguko wa mchujo tulitua vizuri. Niliuliza, akajibu "Naona," nikahesabu, tukaenda, na tulipomaliza tukasimama wima, ukumbi wote uligeuka kutazama wasichana wa Kenya. Tulikuwa wa tatu. Kocha Auma alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Afisa mmoja aliyesafiri nasi kutoka Nairobi, mtu wa tai na simu mbili, alianza kupiga picha na kusema kwenye moja ya simu hizo kwamba medali ipo, imebaki tu twende kuichukua. Na tukiichukua, mlango wa mashindano ya dunia unafunguka. Ulikuwa unaliota wewe jambo hilo. Ulikuwa unalichora pembeni ya daftari za hesabu.

Fainali ilikuwa siku iliyofuata mchana. Wakati wa kupasha mwili niliona Ivy amenyamaza. Ivy, kunyamaza. Alipanda, akaruka mitindo miwili mitatu, akashuka, akakunywa maji, akapanda tena. Nilijiambia ni uchovu. Kisha tukaitwa. Jina la nchi yetu lilisomwa, watu wakapiga makofi, tukapanda, kila mmoja kwenye msalaba wake mwekundu. Taa ikawaka kijani. Tulianza ile midundo ya kupandisha nguvu, chini, juu, juu zaidi.

"Unaona?"

Kimya.

Niliuliza tena, safari hii nikigeuza kichwa, jambo ambalo hufundishwi kamwe kulifanya. Macho yake yalikuwa wazi kabisa, makubwa, hayatazami popote.

"Sioni, Mwende." Sauti ilikuwa ya mtoto mdogo. "Sioni chini."

Nakuambia ukweli kwa sababu sina sababu ya kukudanganya. Kulikuwa na muda, mfupi sana, midundo miwili labda, ambapo nilitaka kuhesabu. Ile taa ya kijani ilikuwa inaniangalia. Nilimwona kocha kwa pembe ya jicho, nikaona rangi za bendera kifuani pangu, nikawaza, akianza ataona. Wengi wakianza huona. Hofu ya kushuka ilikuwa kubwa kama hofu ya kuruka. Hilo sikulitarajia. Nilidhani siku hiyo ikija nitajua la kufanya kwa urahisi, kama mtu anayeondoa mkono kwenye jiko.

Nikakunja magoti. "Ivy, kunja. Ua nguvu. Kunja magoti, mimi niko hapa, kunja." Akakunja. Mimi nikakunja. Wavu ukatulia polepole chini yetu, na ukumbi ukaanza kunung'unika. Niliinua mkono kwa waamuzi, nikatembea hadi ukingoni, nikashuka ngazi. Nilizunguka upande wa pili nikamshika Ivy kiunoni akashuka naye.

Ubao uliandika sifuri. Mimi na Ivy tuliketi kwenye godoro la pembeni, mimi nimemfunika kwa taulo na jaketi langu. Yule afisa alifika kabla ya kocha.

"Nini hii? Tumetoka Nairobi yote hiyo kuja kushuka ngazi? Mnajua watu wananiuliza nini kwa simu?"

Nilidhani Kocha Auma angekasirika pia. Alikuwa na haki, amengoja siku hiyo maisha yake yote. Alikuja polepole, akasimama kati yetu na yule mtu.

"Waambie wameshuka kwa miguu yao wenyewe," alisema. "Uwaambie hivyo hivyo."

Halafu akaketi chini kando ya Ivy, palepale sakafuni, akaanza kumfungua viatu.

Ningependa kukuambia kwamba tulirudi tukiwa tumefarijika. Asubuhi iliyofuata, tukinywa chai hotelini, Ivy alikaa muda mrefu akikoroga sukari iliyokwisha yeyuka. Bila kuniangalia akasema, "Pengine ningeweza." Nilisema ndiyo, pengine. "Wale wa nne ndio walipata medali yetu." Nilisema najua. Alininunia mpaka Nairobi. Sikumlaumu. Hakuna atakayetuonyesha kile ambacho kingetokea, na yeye hakukuona wewe pale sakafuni. Mimi ndiye niliyekuona.

Nyumbani maneno yalikuwa mengi. Wako waliosema Mwende ana woga wake, amemwambukiza mtoto wa watu. Kaka yake Ivy aliniambia hivyo usoni, kwenye lango lao. Nilirudi Uthiru kwa miguu sehemu kubwa ya njia, nikijiuliza kama ni kweli. Bado najiuliza. Huenda nilimfundisha kuogopa kwa kumuuliza kila siku. Huenda swali lenyewe ndilo lililomfungulia mlango. Nikifikiria hivyo usingizi unakatika.

Wiki hiyo, wakati wa chakula cha mchana, miguu yangu ilinipeleka Biashara Street bila mimi kuiamuru, hadi duka la mapazia la mama yako. Nilikuwa sijaingia humo tangu ulipohama. Nilisimama nje nikijifanya natazama vitambaa. Yeye ndiye aliyeniona kupitia kioo.

"Mwende! Ingia, unasimama nje kama mgeni? Umekula?"

Nililia, Pacha. Nililia juu ya mita za pazia la mteja. Alinifungia duka kwa ndani, akanikalisha kwenye stuli, nikamweleza yote: Ivy, taa ya kijani, sifuri, maneno ya kaka yake. Nilipofika pale Ivy aliposema haoni, niliacha, kwa sababu nilikumbuka kwamba yale uliyoniambia hospitalini sikuwahi kumwambia mtu.

"Sema tu," mama yako alisema. "Aliniambia mwenyewe, mwaka jana. Alisema si siri tena, hata watu wakijua ni sawa. Alilia siku mbili, akanyamaza, sasa ako tu sawa. Anacheka hata. Juzi alikuwa anachekea mbuzi wa shangazi yake."

Nilimuuliza kama angekupa ujumbe wangu. Alitikisa kichwa kwa huruma.

"Hapana, mwanangu. Mimi siwezi kumbebea hiyo. Nikimpelekea ataona ni mimi namsukuma. Andika mahali, mwenyewe. Akitaka kusoma atasoma."

Basi nimeandika.

Ivy alirudi ukumbini kabla yangu. Alinikuta nje nikiwa nimekaa kwenye ngazi, mkono mmoja kwenye kamba za viatu, siwezi kufunga wala kufungua. Hakuniomba msamaha na mimi sikumwomba. Aliketi, akasema, "Jana nimeruka tu ile ya kawaida. Nimeona." Kisha akasema, "Lakini si kila saa." Nikamwambia hata mimi si kila saa. Tukaingia. Tumeanza upya kutoka chini, kudunda tu, mwili umenyooka, kama watoto wa wiki ya kwanza. Sijui kama tutafika tena popote. Kocha Auma haulizi.

Sikuandikii urudi. Sitaki ulione tena lile paa wala usikie zile springi, kama hilo haliko moyoni mwako. Nilitaka tu ujue kwamba kitu ulichoniambia ukiwa umelala chali, shingo imefungwa, kilifika mahali. Kilinisimamisha. Kuna msichana wa Woodley anatembea leo akikanyaga chini kwa miguu miwili, ananikasirikia, anakula chipsi, anachelewa mazoezini, na pengine asingehitaji kabisa kusimamishwa, hilo sitalijua. Lakini anatembea.

Naogopa utasoma barua hii. Naogopa pia hutaisoma. Kati ya hofu hizo mbili nimechagua ya kwanza, maana ya pili nimeishi nayo vya kutosha. Ukikasirika, kasirika, nitajua kwamba umenisikia. Usipotaka kusema kitu, usiseme, ila mwambie mama yako neno lolote, hata la mbuzi, naye nitamsikia akicheka dukani.

Jumamosi nitapanda tena. Naogopa tangu leo.

Jifunike vizuri, huko kwenu kuna baridi.

Pacha wako,
Mwende